Maswali ya Wasomaji: Miaka 9, Kilo 42

Mama, Tabata, Dar es Salaam: Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 9. Shuleni walimpima wakapata kilo 42 na sentimita 138, wakaandika "uzito umezidi, apunguzwe". Mama mkwe anasema mjukuu wake amenawiri tu, nisimtese kwa njaa. Je, nimkatie wali?

Mama, tuanze na hesabu, maana jicho hudanganya pande zote mbili. Chukua kilo, ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: 42 kugawa kwa (1.38 × 1.38) ni 22. Namba hiyo ndiyo uwiano wa uzito na urefu. Kwa mvulana wa miaka 9, chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 zinaanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 17.9, na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, kwenye 20.5. Kwa hiyo shule haikukosea kipimo. Neno "apunguzwe" ndilo hatukubaliani nalo.

Mtoto wa umri huu bado anarefuka, sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Tuseme anafikisha miaka 10 akiwa na sentimita 144 na kilo zilezile 42. Uwiano wake utakuwa 20.3, wakati mpaka wa kiribatumbo kwa umri huo ni 21.4. Atakuwa ametoka kwenye kiribatumbo bila kupungua hata gramu moja. Kazi yenu nyumbani ni kuushika uzito hapo ulipo, au upande taratibu sana, ili urefu uukute. Dawa na chai za kupunguza mwili msimguse nazo, wala msimfungishe ili akonde. Hata mtoto mnene zaidi ya huyu, kati ya miaka 6 na 11, akipunguzwa uzito chini ya uangalizi wa daktari, haizidi takriban nusu kilo kwa mwezi.

Wali usimkatie. Anayenyimwa wali huku wenzake wanakula atajifunza kula kwa kujificha, na hapo umepoteza njia ya kumsaidia. Kinachobadilika ni chakula cha nyumba nzima, baba na bibi wakiwemo.

Anza na kalamu. Siku unayofungua pakiti ya sukari, andika tarehe juu yake. Fanya hivyo hivyo kwenye chupa ya mafuta. Watu 5 wakimaliza kilo 2 za sukari kwa wiki, kila mmoja anakula wastani wa gramu 57 kwa siku, yaani vijiko 14 vya chai, na hapo soda bado. Kwa mtoto wa miaka 9, pendekezo la shirika hilohilo ni kama gramu 45 kwa siku kuwa kikomo cha juu, na nusu ya hapo ndiyo bora. Chupa moja ya soda ya mililita 300 peke yake ina zaidi ya gramu 30.

Sukari ikitiwa kwenye sufuria ya chai hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Chemsha chai bila sukari, kila mtu atie kikombeni mwake. Kama mtoto amezoea vijiko 3, wiki hii mpe 2 na nusu, wiki ijayo 2, uendelee hivyo. Ulimi hufuata. Ukimshusha kutoka 3 hadi 1 kwa siku moja, ataongeza ukigeuka.

Lita 1 ya mafuta kwa wiki kwa watu 5 ni kama vijiko 2 vya chakula kwa kila mtu kila siku, karibu kalori 240. Usimimine kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko. Andazi linalozamishwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto vizuri hunyonya mafuta mengi, ndiyo maana linaacha alama kubwa kwenye karatasi. Maandazi yakipikwa mara moja kwa wiki, na siku nyingine mtoto akanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, yai au viazi vitamu, mtaona tarehe kwenye chupa zinaachana.

Mpakulie mwenyewe. Mboga, iwe mchicha, tembele au kabichi, ijaze nusu ya sahani. Robo iwe maharage, dagaa au samaki, na robo ya mwisho ndiyo ya wali au ugali, wa kimo cha ngumi yake mwenyewe. Akiomba kuongezewa, msubiri dakika 15, kwa kuwa shibe huchelewa kufika, kisha aanzie kwenye mboga. Na ile "maliza, usitupe chakula" iachwe. Ukiona chakula kinabaki, kesho pakua kidogo.

Mama mkwe mpe kazi yake, asibaki mtazamaji wa kulalamika. Mwombe awafundishe watoto mboga za asili alizokuzwa nazo: mlenda, kisamvu, majani ya kunde. Bibi aliyepika tembele mwenyewe hatakubali mjukuu aliache.

Mzani usiutoe kila asubuhi. Mara moja kwa mwezi inatosha, pamoja na urefu. Kuna na kipimo cha kamba: pima urefu wake kwa kamba, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Nusu hiyo isipokutana, mafuta yamejikusanya tumboni, na hapo mpelekeni akapimwe sukari na presha.

Muuguzi, zahanati moja Morogoro: Tunapima watoto lakini namba hazikubaliani mwezi hadi mwezi. Presha za watoto wanene zinasoma juu karibu zote. Na nikimwambia mzazi, ananuna, harudi.

Dada, angalia kwanza nywele. Msichana wa miaka 10 mwenye kilo 47 na sentimita 143 ana uwiano wa 23, amevuka mpaka wa 22.6. Akipimwa na fundo la rasta kichwani lililomwongezea sentimita 3, anasoma 22 na anaandikwa "uzito uliozidi" tu. Fundo limemficha. Afungue nywele au ubao ushuke pembeni ya fundo, avue viatu, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele. Mzani ukae kwenye sakafu ngumu, si kwenye mkeka, na kila wiki uujaribu kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kama mfuko wa sembe wa kilo 10 ambao haujafunguliwa.

Kosa jingine ni la kuchanganya mistari ya chati, ile inayoandikwa +1, +2 na +3 kuonesha mtoto yuko juu ya wastani kwa kiasi gani. Kwa walio chini ya miaka 5 tumia uzito kwa urefu: juu ya +2 ni uzito uliozidi, juu ya +3 ni kiribatumbo. Kuanzia miaka 5 hadi 19, mipaka hiyo ni +1 na +2. Na mstari wa uzito kwa umri peke yake hauwezi kukutofautishia mtoto mrefu na mtoto mnene.

Kuhusu presha, tatizo huenda ni mkanda. Mfuko wa hewa ndani yake unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mdogo, presha inasoma juu isivyo kweli. Mtoto mwenye mkono mnene mfunge mkanda wa mtu mzima ukimkaa sawasawa. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, kisha upime tena.

Ukimaliza, tazama shingo kwa nyuma. Ngozi iliyokuwa nyeusi na nene kama mahameli, hasa kwenye mikunjo ya shingo na kwapa, mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi sawasawa. Akina mama wengi huisugua kwa dodoki hadi mtoto anachubuka, wakidhani ni uchafu. Mweleze mama kwamba mtoto anaoga vizuri, kisha mwandikie kipimo cha sukari.

Usimbakize zahanati anayekoroma na kukata pumzi usingizini, anayekunywa maji mengi na kukojoa usiku, aliyesimama kurefuka huku uzito unapanda, au aliyetumia dawa kama prednisolone kwa muda mrefu. Anayechechemea kwa maumivu ya nyonga au goti apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asitembezwe. Goti linaweza kuuma huku kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza kwenye nyonga.

Na maneno. Neno "mnene" lisitamkwe mbele ya mtoto. Mwambie mzazi, "Mama, tunaweza kuzungumza kidogo kuhusu anavyokua?", umwoneshe mstari kwenye chati, umuulize yeye anaonaje. Msimwongezee orodha ya makatazo. Achague badiliko moja, mfano soda iwe ya sikukuu tu, uliandike kwenye kadi na tarehe ya kurudi baada ya wiki 4. Mzazi aliyechagua mwenyewe hurudi kueleza lilivyokwenda.

Mwalimu wa michezo, Likoni, Mombasa: Nina mwanafunzi anayeitwa Bonge na darasa zima. Huwa namwongezea raundi mbili za uwanja ili apungue. Nafanya sawa?

Hapana, mwalimu, raundi hizo acha leo. Mtoto anayekimbizwa kama adhabu hujifunza kuuchukia uwanja, na wiki ijayo atakuja na barua ya kuumwa. Anachohitaji ni jumla ya dakika 60 za kutoka jasho kwa siku, hata zikikusanywa kumi kumi: kutembea kwenda shule, kuruka kamba, rede, kuogelea. Mchagulie pale mwili wake unapomsaidia, kama kuvuta kamba au kurusha mpira mzito. Timu zigawe wewe. Wakichagua watoto, yeye hubaki wa mwisho kila siku mbele ya macho yote. Jina la Bonge likome darasani kuanzia kwako. Kisha zungumza na anayeuza kantini: mahamri na viazi karai si lazima viondoke, ila matunda na maji ya kunywa viwe mbele na visiwe ghali kuliko soda.

Mama wa watoto wawili, Tanga: Nimeacha soda, sasa nawasagia juisi ya embe nyumbani, nikiongeza asali badala ya sukari. Hii ni salama?

Asali mwilini ni sukari, na kwa aliye chini ya mwaka mmoja haifai kabisa kwa sababu ya hatari ya sumu ya bakteria wa botulizimu. Juisi nayo: glasi moja inaweza kumaliza maembe matatu kwa dakika moja, ilhali akila kwa kutafuna, embe moja linamshibisha. Mpe embe lenyewe, alimenye, na kokwa alifyonze hadi liwe jeupe.