Mba ya paka na dawa ya kuogeshea ng'ombe

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Sakina, Arusha, na nina paka jike wa miaka minne. Tangu mwezi wa sita ana mba nyeupe mgongoni, zaidi karibu na mkia, na manyoya yake yamepoteza mng'ao. Hana kidonda. Chakula chake ni ugali na mchuzi wa dagaa. Nimemwogesha mara tatu kwa sabuni ya kufulia, lakini mba inazidi. Jirani yangu mfugaji amenishauri nimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe, matone machache tu kwenye ndoo ya maji. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba. Si sawa hata kidogo, na kama ameshakupa chupa ya dawa hiyo, ninaomba irudi kwa jirani kabla hujaendelea kusoma.

Swali hili linanifikia mara nyingi, na kila mara hoja inayotolewa ni ileile: ikiwa dawa haimdhuru ng'ombe, basi matone machache hayawezi kumdhuru paka. Hoja hiyo inamchukulia paka kama ng'ombe aliyepunguzwa kilo, jambo ambalo si kweli. Dawa nyingi za kupe zinazouzwa madukani zina sumu za jamii ya pairethroidi, kama vile sipamethrini, au zina amitrazi. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuzivunja pairethroidi na kuzitoa mwilini, kwa hiyo sumu ambayo kwa ng'ombe hupungua upesi, kwa paka hubaki ikiisumbua mishipa ya fahamu. Isitoshe, paka hujilamba mwili mzima kila siku, na dawa uliyodhani umeiacha kwenye manyoya huishia tumboni. Amitrazi nayo hupunguza mapigo ya moyo na kumfanya mnyama apoe mwili na kulegea, hali ambayo wenye paka huidhani kuwa usingizi.

Sasa turudi kwenye mba yenyewe, ambayo si ugonjwa bali ni dalili. Sabuni ya kufulia imekuongezea tatizo, kwa kuwa inaondoa mafuta ambayo ngozi ilikuwa imebakiwa nayo, iache. Wapo watakaokuambia ni baridi ya Juni na Julai. Hewa baridi na kavu inaweza kuchangia, lakini baridi haichagui sehemu ya karibu na mkia. Sehemu hiyo hunifanya niwaze kwanza viroboto, kisha utitiri wa ngozi, kisha unene unaomzuia paka kuufikia mgongo wake kwa ulimi.

Chukua kitana chenye meno ya karibu, mchane juu ya kitambaa cheusi, kisha uangalie kwa utulivu mbele ya mwanga mzuri. Mba ikisogea yenyewe, huo ni utitiri, na huenda hata wewe umeanza kuwashwa mikononi au tumboni bila kujua sababu. Ukiona punje nyeusi, ziweke kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Zikiacha rangi ya wekundu wa kahawia, ni kinyesi cha viroboto, maana ndani yake mna damu ya paka. Ukikuta mabaka ya mviringo yenye manyoya yaliyokatika, shuku fangasi, na uwatazame watoto pia, kwa sababu fangasi huyo huwaambukiza na kuwaletea mapunye. Hapo kitana hakitoshi, ngozi ipimwe kwa hadubini.

Hata kama hutaona lolote kati ya hayo, bado nina neno kuhusu chakula. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauwezi kutengeneza kutokana na mafuta ya mimea baadhi ya mafuta unayoyahitaji, kwa hiyo kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya ugali hakitaziba pengo hilo. Ugali ukiwa mwingi na dagaa wakiwa wa kunukisha tu, ngozi ndiyo huanza kulipa. Geuza mizani: mpe dagaa wenyewe, nyama iliyochemshwa pamoja na mafuta yake kidogo, na yai lililoiva mara kwa mara. Usitarajie kuona mabadiliko kabla ya wiki sita hadi nane.

Ikithibitika kuwa ni viroboto au utitiri, zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, kama selamektini, ambayo hudondoshewa nyuma ya shingo, mahali ambapo hawezi kuilamba, kwa kipimo cha uzito wake. Watibiwe wanyama wote wa nyumbani na matandiko yafuliwe, kwa maana viroboto wengi, wakiwa mayai na viluwiluwi, wamo sakafuni. Dawa ya viroboto ya mbwa usiiguse, kwani baadhi yake ina pairethroidi nyingi kuliko hiyo ya jirani. Oili chafu na mafuta ya taa, ambavyo bado naletewa paka waliopakwa, huchoma ngozi na kuingia mapafuni mnyama anapojilamba.

Kwa yeyote ambaye ameshamwogesha paka wake dawa ya ng'ombe: kutetemeka, kutokwa mate na degedege vinaweza kuanza baada ya saa chache, au kuchelewa hadi siku ya pili au ya tatu. Msuuze kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunike kwa taulo apate joto, umpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Usimnyweshe maziwa; hayaondoi sumu, na paka mwenye degedege hupaliwa nayo hadi mapafuni. Beba na chupa ya dawa, kwa sababu tiba ya pairethroidi si tiba ya amitrazi, na wengi wenu huja na dawa iliyopimiwa dukani kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata jina.