Anza na maji ya moto

Umeuliza uanzie wapi kupunguza bili ya umeme na maji bila kununua mitambo ya bei kubwa. Mimi ningeanza na maji ya moto, maana hapo ndipo pesa inapopotea bila mtu kuona. Umeme wa kuchemsha lita 1 tu ya maji unatosha kuwasha balbu ya LED ya wati 9 kwa saa 10 hivi. Kwa hiyo ukitaka kikombe kimoja, weka maji ya kikombe kimoja kwenye birika, usilijaze. Nguo za kawaida zifue kwa maji baridi na uzianike juani, nazo zitadumu zaidi. Unapopika, funika sufuria, na chakula kikianza kuchemka punguza moto.

Halafu kagua friji. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha uivute taratibu. Ikitoka kirahisi, mpira umelegea na baridi inavuja, hivyo mota inafanya kazi muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kabla hujanunua mpira mpya, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mara nyingi ni uchafu tu. Mimi hili nalihimiza sana, kwa sababu friji haipumziki usiku wala mchana.

Bomba linalodondosha tone 1 kila sekunde humwaga zaidi ya lita 10 kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha washa tu, yaani kile kipete cha mpira ndani ya bomba. Kinga ndoo wakati unasubiri fundi, hayo maji yapigie deki.