Jibu lisiporudi: kwa mnaoanza kutunza maktaba ya RPC ya Java

Wadogo zangu wa Malimbe, Nyakato na kwingineko Mwanza mnaotaka kuchangia maktaba za Java za chanzo huria, wengi mnapofika kwenye maktaba ya RPC (remote procedure call, yaani wito wa mbali) jambo la kwanza mnaloleta ni kasi. Mnapima maombi mangapi yanapita kwa sekunde, mnapunguza nakala za baiti, mnabadilisha foleni. Sikatai, kasi ina faida. Lakini kazi ngumu ya maktaba ya namna hii iko pale ambapo ombi limeondoka na jibu halijarudi. Huko ndiko hitilafu nyingi zinakokaa miaka bila mtu kuzigusa, na ninyi mnaoishi kando ya ziwa, ambako mtandao unapotea katikati ya mazungumzo na umeme unakatika bila taarifa, mna nafasi ya kuziona kabla ya wengine.

RPC inampa mwandishi wa programu uwezo wa kuita methodi iliyo kwenye kompyuta nyingine kwa mstari uleule ambao angeuandika kama methodi ingekuwa humo humo ndani. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox PARC walieleza jinsi ya kuijenga, na waliweka ahadi moja iliyo wazi sana: wito ukirudi salama, kazi ya upande wa pili imefanyika mara moja tu. Ukirudi na hitilafu, ama imefanyika mara moja, ama haikufanyika kabisa. Aliyeita hana njia ya kujua ni lipi. Ndiyo maana RMI, RPC ya Java yenyewe iliyokuja na JDK 1.1 (zana rasmi za Java) mwaka 1997, inadai kila methodi ya mbali itangaze RemoteException. Wengi wanaiona kero. Mimi naona walifanya sawa, kwa sababu mtu anayesoma msimbo anakumbushwa palepale kwamba mstari huu unavuka mtandao.

Chukulia karani wa dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ukara. Amepima gunia la mvuvi, kilo 38, amebonyeza kitufe cha kuhifadhi. Simu imetuma, seva iliyoko mjini imepokea na kuandika. Jibu likiwa njiani kurudi, mtandao unaondoka. Kwenye kioo kiduara kinazunguka, halafu unatokea ujumbe kwamba imeshindikana. Karani anafanya ambacho yeyote angefanya: anabonyeza tena. Sasa daftari la seva linasema kilo 76, na jioni ya malipo mtu mmoja ataonekana mwongo ilhali hakuna aliyedanganya.

Sasa ongeza kwamba karani hakubonyeza hata hiyo mara ya pili. Maktaba yenyewe ndiyo iliyojaribu tena kimyakimya kwa sababu mtu fulani aliona kwamba kujaribu tena ni msaada. Hapo lawama ni ya watunzaji wa maktaba. Usirudie ombi kwa niaba ya mtu mpaka mwenyewe awe ametamka kwamba kazi ile inarudiwa bila madhara. Kusoma bei ya leo, rudia utakavyo. Kuandika mzigo au malipo, kila ombi libebe namba yake. Namba hiyo itengenezwe na simu kabla ya kutuma mara ya kwanza, ibaki ileile kila ombi linaporudiwa, na seva iihifadhi pamoja na jibu ndani ya muamala uleule wa hifadhidata. Ombi likija na namba ambayo seva imeshaiona, lirudishiwe jibu la kwanza. Chunguzeni sana mahali namba inapotengenezwa. Nimekuta kwenye viraka (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) vya watu makini kabisa imewekwa ndani ya kitanzi cha kurudia, hivyo kila jaribio linapata namba mpya na kinga yote inakuwa haipo.

Vilevile tenganisheni hitilafu mbili ambazo maktaba nyingi huzichanganya. Muunganisho ukikataliwa kabla baiti hata moja ya ombi haijaondoka, kurudia ni salama. Ombi likiwa limeshatumwa halafu kimya, si salama. Anayetumia maktaba yenu lazima apate aina mbili tofauti za hitilafu ili aweze kuamua, badala ya kusoma maneno ya ujumbe na kubahatisha.

Kuhusu kujaribu, hapa nitakaa kidogo. Anayeanza akitaka kuona seva ikifa huwa anaandika `kill -9`, amri ya kuiua programu papo hapo. Programu inakufa kweli, lakini mfumo wa uendeshaji uko hai, nao unafunga soketi (ncha ya muunganisho) na kuutaarifu upande wa pili. Mteja anajua ndani ya muda mfupi sana, na jaribio linapita. Umeme ukikatika kwenye seva hakuna anayeaga. Mnara wa simu ukikutupa, hakuna anayeaga. Mteja anabaki na soketi inayoonekana nzima kabisa. Kwenye Linux yenye mipangilio ya kawaida, kama kuna baiti zilizotumwa na hazijathibitishwa, kernel, kiini cha mfumo wa uendeshaji, itaendelea kuzirudia kwa takribani dakika 15 ndipo ikate tamaa. Kama mteja anasubiri tu kusoma, atasubiri bila mwisho. Keepalive ya TCP, yaani ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo, hata ukiiwasha, huanza kuuliza baada ya sekunde 7,200, yaani saa mbili. Na kwenye Java, soketi usipoiwekea `setSoTimeout` thamani yake ni 0, ambayo maana yake ni subiri milele.

Kwa hiyo ukitaka kuona kimya, tengeneza kimya. Kwenye kompyuta yako ya Linux andika `sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 300ms loss 10%`, amri inayochelewesha kila pakiti milisekunde 300 na kupoteza asilimia 10 ya pakiti, kisha endesha majaribio ya maktaba. Kumbuka kwamba kwenye `lo`, mtandao wa ndani ya kompyuta yenyewe, ucheleweshaji unapiga kwenda na kurudi, kwa hiyo safari nzima ni milisekunde 600. Ukimaliza badilisha `add` iwe `del`, usije ukashinda unashangaa kwa nini kila kitu ni kizito. Kukata kabisa, tumia kanuni ya iptables (kichujio cha mtandao cha Linux) yenye DROP. REJECT inajibu, DROP hainyanyui hata kichwa.

Lakini jaribio ninalolipenda halihitaji hata sudo. Fungua `ServerSocket` (soketi ya Java inayopokea wateja) kwenye mlango (port) 0, ili mfumo ukuchagulie mlango ulio wazi, halafu usiite `accept` kabisa. Kernel itakamilisha salamu za TCP yenyewe na kumweka mteja kwenye foleni. Mteja ataamini ameunganishwa, atatuma ombi, na hakuna atakayelisoma. Mistari isiyozidi kumi, na umepata seva iliyonyamaza. Iweke ndani ya JUnit, zana ya majaribio ya Java, iwekee jaribio ukomo wa sekunde tano, halafu uone ni methodi zipi za maktaba zinarudi na zipi zinaganda. Zinazoganda ndizo viraka vyako vya kwanza.

Ukija kuweka ukomo wa kusubiri, usiupime kwa `System.currentTimeMillis()`. Hiyo ni saa ya ukutani na inaweza kurukia mbele au nyuma, hasa kompyuta ikiwashwa baada ya umeme kurudi na NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao, ikaisahihisha. Tumia `System.nanoTime()`, na ulinganishe kwa kutoa moja kwenye nyingine, si kwa kuuliza ipi kubwa, maana namba ile inaruhusiwa kufurika, yaani kuvuka kikomo chake na kugeuka hasi. Kama seva yako nayo inaita seva nyingine, ipelekee muda uliobaki, usiipelekee saa ya mwisho, kwa kuwa saa za kompyuta mbili hazikubaliani. gRPC, mfumo wa RPC uliotolewa na Google mwaka 2015, inafanya hivyo: kichwa chake cha `grpc-timeout` kinabeba muda uliosalia.

Sasa linakuja jambo ambalo linawakwaza wengi wenye vipaji. Umegundua kwamba maktaba haina ukomo wowote wa kusubiri kwa kawaida yake. Umeweka sekunde 30, majaribio yanapita, umefurahi, unauliza kwa nini mtunzaji anasita. Anasita kwa sababu kuna mhasibu mahali fulani ambaye ripoti yake ya mwisho wa mwezi inachukua dakika nne, na haijawahi kukatika kwa sababu hakukuwa na ukomo. Akisasisha maktaba, ripoti inakufa na hajui kwa nini. Kwa hiyo toleo dogo liongeze mpangilio na liandike onyo kwenye logi pale mtu anapouacha wazi, na kawaida mpya ingoje toleo kubwa, likiwa na maelezo mwanzoni kabisa. Inachosha, ndiyo. Lakini watu wale walituamini, na toleo likishapanda Maven Central, ghala la umma la maktaba za Java, halifutwi wala halibadilishwi. Lililokosewa huko linabaki huko na namba yake.

Mvunjiko mwingine hauonekani ukiwa unasoma msimbo. Umechukua methodi ya wazi (`public`) iliyokuwa `void` ukaifanya irudishe `boolean`. Ukikusanya upya kila kitu, hakuna anayelalamika. Mwenye jar (faili la Java lililokwisha kukusanywa) iliyokusanywa kwa toleo la zamani atapata NoSuchMethodError wakati programu inaendelea kukimbia, kwa sababu kwenye bytecode, msimbo uliokusanywa, aina ya jibu ni sehemu ya utambulisho wa methodi. Kuongeza kigezo nako kunamletea mwenye jar ya zamani hitilafu hiyohiyo. Acha methodi ya zamani iite mpya. Kwenye interface tumia methodi za `default`, zilizokuja na Java 8 mwaka 2014. Halafu wekeni japicmp, zana ya kulinganisha jar, kwenye ujenzi, ilinganishe jar mpya na iliyotangulia. Macho ya binadamu hayatoshi hapa.

Kuhusu thredi pepe (virtual threads, thredi nyepesi zinazobebwa na thredi halisi chache) za Java 21, ya Septemba 2023: ni nafuu kubwa kwa RPC ya kusubiri, lakini kwenye toleo hilo thredi pepe inayozuiwa ndani ya `synchronized` inaishikilia thredi halisi iliyoibeba. JDK 24, ya Machi 2025, iliondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Watumiaji wengi bado wako kwenye 21, kwa hiyo pale maktaba inaposubiri mtandao huku imeshika kufuli, `ReentrantLock`, kufuli lisilo na tatizo hilo, ina kazi.

Na tafadhali sana, msipokee vitu kutoka mtandaoni kwa `ObjectInputStream`, njia ya Java ya kugeuza baiti kuwa vitu. Mwaka 2015 ilionekana wazi kwamba seva inayopokea hivyo, kuwa na maktaba ya Commons Collections tu kwenye classpath (orodha ya jar ambazo programu inazipata) kulitosha mshambuliaji kuendesha amri zake kwenye seva. Vichujio vya kuzuia hilo vilikuja na Java 9, lakini muundo wenye orodha ya sehemu zinazojulikana, kama Protocol Buffers, ni bora. Huko nako namba ya sehemu iliyofutwa haitumiki tena kwa kitu kingine. Itangazeni `reserved`.

Bando lisiwazuie. Hazina ya msimbo yenye historia ndefu ichukue kwa `git clone --filter=blob:none`, utashusha faili unazozihitaji tu. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo endesha `mvn dependency:go-offline`, halafu nyumbani jenga kwa `mvn -o`. Jaribu hayo kabla hujaondoka chuoni, maana baadhi ya plagini hukumbuka mahitaji yake dakika ya mwisho.

Kiraka cha kwanza kiwe kidogo. Weka jaribio linaloshindwa kwenye commit (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye git) yake, na tiba kwenye commit inayofuata, ili mkaguzi aweze kuona ugonjwa kwa macho yake kabla ya dawa. Usipange upya nafasi tupu (whitespace) za faili zima humo humo. Eleza umetumia JDK gani, mfumo gani, na ulipata hali hiyo kwenye mtandao wa namna gani: data ya simu ndani ya kivuko cha kwenda Nansio, Wi-Fi ya hosteli, au netem yenye upotevu wa asilimia 10. Mtunzaji aliye Ulaya au Marekani, mwenye nyaya zisizokatika, hawezi kuiona hali hiyo mezani kwake mpaka umpe namna ya kuitengeneza.