Yaya, nichukue upande gani wa biashara?

SWALI: Jambo Yaya. Niko mwaka wa pili wa usimamizi wa biashara hapa Lubumbashi, naishi Kenya. Tukiingia mwaka wa tatu kila mtu lazima achague upande: uhasibu na kodi, masoko, usimamizi wa wafanyakazi, au usafirishaji na forodha. Moyo wangu uko kwenye masoko, maana nauza vitenge kwa WhatsApp na wateja ninao. Baba mdogo, ambaye ndiye analipa masomo, anataka niingie usimamizi wa wafanyakazi kwa sababu ana rafiki yake mgodini kule Fungurume. Uhasibu unaniogopesha, sekondari nilisoma ualimu. Nataka kazi, Yaya, si karatasi ya kutundika ukutani. — Binti wa Kenya

JIBU: Jambo mdogo wangu. (Wasomaji wa mbali wasishangae: Kenya ni komini yetu, yaani sehemu ya mji huu wa Lubumbashi, Kongo; binti hajavuka mpaka. Na “yaya” kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto.)

Chukua uhasibu na kodi. Nasema hivyo nikijua utanuna.

Kazi nyingine bosi anaweza kuziahirisha, hii serikali haimruhusu. Kampuni yenye watu sita na ofisi ya chumba kimoja, tarehe 15 ikifika inadaiwa tamko la TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita, inadaiwa na kodi ya mishahara. Mwaka ukiisha inadaiwa hesabu zote. Lazima apatikane mtu wa kuziandika. Mtu wa masoko? Bosi atakwambia mtoto wa shangazi yake ana simu nzuri, atapiga picha.

Halafu angalia mji unaoishi. Utajiri wa hapa ni shaba, na shaba haihitaji bango pale Kamalondo. Bei yake inapangwa kwenye soko la metali la London, na wanunuzi ni wachache wanaojuana na wauzaji. Kwa hiyo mgodi wenye maelfu ya wafanyakazi unaweza kuwa na watu wa mauzo wanaoenea meza moja. Wanaohitaji masoko kweli ni viwanda vya bia, kampuni za simu, benki na wauzaji wa saruji. Nafasi zipo, ila mnazigombea wengi.

Mnapofikiria kazi mnaangalia mgodi wenyewe. Mimi nimefanya hesabu za kampuni za malori miaka mingi, na nakwambia angalia wanaouhudumia mgodi: wanaopika chakula cha kambi, wanaolinda, wanaokodisha mitambo, wanaoleta kofia na viatu vya usalama. Sheria ya sutretansi (kazi ambazo kampuni kubwa inazipa kampuni nyingine) ya 2017 inataka kazi hizo zipewe kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kazi inafanyika Kolwezi au Fungurume, lakini makaratasi mengi yanaandikwa hapa Lubumbashi. Na kampuni hiyo haiwezi kugombea zabuni ikiwa karatasi zake za kodi zimechafuka. Hapo ndipo wanapotafuta kijana kama wewe.

Nikuonyeshe jinsi tunavyompima kijana wa staji, anayekuja kujifunza kazi ofisini. Namwekea mezani fakture (ankara) moja ya viatu vya usalama: dola 1,160. Namwambia iandike. Anayekimbilia kuweka 1,160 yote kwenye gharama, yaani kundi la akaunti linaloitwa darasa la 6, najua alisoma kwa kukariri. TVA yetu ni asilimia 16, kwa hiyo bidhaa ni 1,000 na 160 ni ya TVA. Hiyo 160 inaingia akaunti ya 445, kwa sababu kampuni itaikata kwenye TVA inayodaiwa. Muuzaji anaandikwa 401 kwa 1,160 nzima. Mistari mitatu tu. Ila kijana mzuri, kabla ya kuandika, anaigeuza fakture na kuuliza: namba ya kodi ya muuzaji iko wapi? Huyo simwachi aende kwa jirani.

Namba hizo hazikufungi hapa. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na nchi zote 17 zinatumia mpango uleule wa hesabu. 401 ya Lubumbashi ni 401 ya Dakar na ya Abidjan. Zambia, iliyo karibu kuliko Kinshasa, haimo, na huko wanaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo anza Kiingereza sasa hivi, hata kwa saa za jioni. Makampuni makubwa ya hapa hupeleka ripoti kwa wakubwa walioko nje, na Kifaransa peke yake hakitoshi.

Ukikataa kabisa uhasibu, basi usafirishaji na forodha. Malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuelekea Dar es Salaam, Durban au Walvis Bay yanahitaji mtu anayejua hati gani inatangulia nyingine, na reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, nayo inaongeza kazi. Ni kazi ya watu wenye kifua, simu inalia saa tisa usiku. Lakini inategemea mzigo kutembea. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, ikafungua tena Oktoba kwa mgawo. Shaba iliendelea kupita, ila aliyekuwa anaishi kwa kobalti tu alikaa akihesabu magurudumu. Tarehe 15 ilifika kila mwezi vilevile.

Usimamizi wa wafanyakazi siudharau. Ila rafiki wa baba mdogo anaweza kuhamishwa kabla hujamaliza, na wewe utabaki na upande aliokuchagulia. Tena katika ofisi ile, anayetafutwa mara nyingi ni wa kutengeneza mishahara: kodi, michango ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), saa za ziada. Ni uhasibu umevaa shati lingine. Anayejua hesabu anaingia pale, anayejua kuhoji watu tu anangoja.

Woga wako tuutibu kwa vitenge. Nunua daftari. Kitenge ulichonunua ni 601, ulichouza ni 701, pesa ya mkononi ni 57, mteja anayesema “nitakulipa Jumamosi” ni 411. Andika kila jioni. Utagundua pia hao wa Jumamosi ni wangapi, na hapo ndipo masoko yako yatakapoanza kuwa biashara.

Kuhusu baba mdogo, usimpinge mezani mbele ya watu, na usimwambie Yaya wa gazeti kasema. Mwendee peke yake, mshukuru kwa ada, kisha mwombe rafiki yake akutafutie staji kwenye ofisi ya mishahara. Jina la rafiki linabaki na heshima yake, na wewe unashika kazi ya hesabu. Akiuliza kwa nini si “usimamizi” wenyewe, mwambie unataka kuanzia pale mishahara inapotengenezwa. Hilo mzee yeyote anaelewa.