Barua kwa mwanangu kuhusu tarehe 14 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimefurahi mno kusikia kwamba umekabidhiwa kipengele cha "Siku Kama ya Leo" katika kipindi cha asubuhi, na kwamba zamu yako ya kwanza ni tarehe 14 Oktoba. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: je, matukio yaliyotokea tarehe moja katika miaka tofauti yana uhusiano wowote, na kama hayana, kwa nini msikilizaji asomewe orodha ya watu waliozaliwa na kufa siku hiyo? Nitakujibu kwa kutumia tarehe hiyo hiyo uliyopewa.

Uhusiano haupo, mwanangu. Tarehe 14 Oktoba 1930 alizaliwa huko Lisala, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, mtoto ambaye baadaye alikuja kujiita Mobutu Sese Seko. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki dunia London kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 77. Ukizisoma habari hizi mbili zikifuatana, utashawishika kusema kwamba siku hiyo ilimleta mmoja ikamchukua mwingine, na maneno hayo yatapendeza redioni. Nakuomba usiyaseme, kwa sababu waliowakutanisha watu hao ni watunga orodha. Hata hivyo, wakishakaa jirani namna hiyo, swali la haki kabisa huzuka: imekuwaje mmoja akang'atuka kwa hiari mwaka 1985 na kumkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi, ilhali mwingine, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi mnamo Novemba 1965, aling'ang'ania hadi alipotimuliwa Mei 1997, akafia uhamishoni Rabat, Morocco, mnamo Septemba mwaka huo? Jibu la swali hilo utalitafuta katika historia ya vyama, majeshi, madini na Vita Baridi, wala hutalipata kwenye kalenda. Lakini ni kalenda iliyokufanya uulize, na hiyo kwangu ni faida ya kutosha.

Sasa kuhusu kuzaliwa na kufa, ambako nadhani waandaaji wengi hupita haraka mno. Siku Mobutu alipozaliwa hapakuwa na habari yoyote ya kutangaza. Vivyo hivyo Dwight Eisenhower alipozaliwa tarehe 14 Oktoba 1890, na Hannah Arendt tarehe hiyo hiyo mwaka 1906. Watoto hao waliingizwa katika historia kwa kurudi nyuma, baada ya mmoja kuwa jemadari na kisha rais wa Marekani, na mwingine kuwa mwanafalsafa aliyechunguza tawala za kiimla. Kifo cha mtu mashuhuri ni kinyume chake, kwa kuwa hutangazwa siku ile ile na hukuta kazi haijaisha. Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa msiba wa Mwalimu, marehemu alikuwa bado ndiye msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyokuwa yakifanyika Arusha, na ilibidi Nelson Mandela ayashike. Basi unapotaja kuzaliwa kwa mtu, mweleze msikilizaji alichokuja kukifanya. Unapotaja kifo, mweleze kilichobaki mezani.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuniuliza, lakini litakuaibisha usipolijua. Tarehe yenyewe si kitu cha kuaminiwa kwa kufumba macho. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliamuru kalenda irekebishwe, kwa sababu kalenda ya Juliasi, yaani ile ya zamani, iliuhesabu mwaka kuwa mrefu kuliko mwaka wa jua kwa takriban dakika 11, na dakika hizo, zikijumlishwa karne baada ya karne, zilikuwa zimeisogeza Pasaka mbali na majira yake. Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia zilitii mara moja: watu walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, alifariki usiku huo huo, na ndiyo maana Wakatoliki humkumbuka tarehe 15. Katika nchi hizo, mwanangu, tarehe 14 Oktoba 1582 haikuwahi kuwapo. Ukimkuta mtu ameandika kwamba fulani alizaliwa Madrid siku hiyo, jua kwamba hakufanya utafiti. Uingereza nayo ilingoja hadi mwaka 1752, na Urusi hadi 1918, kiasi kwamba mapinduzi yanayoitwa ya Oktoba huangukia tarehe 7 Novemba kwa hesabu yetu. Mapigano ya Hastings, ambamo William wa Normandy alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza, yameandikwa tarehe 14 Oktoba 1066 kwa kalenda ya zamani. Kwa kalenda ya sasa ingekuwa tarehe 20.

Kuwa mwangalifu pia na tukio ambalo lilitokea siku moja likajulikana siku nyingine. Ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilipiga picha za vituo vya makombora nchini Kuba tarehe 14 Oktoba 1962, wachambuzi wakayatambua makombora hayo tarehe 15, na Rais Kennedy akaarifiwa asubuhi ya tarehe 16. Useme "picha zilipigwa", usiseme "mgogoro wa makombora ya Kuba ulianza".

Ukitaka ushauri wangu wa nini cha kuchagua, mtangulize Mwalimu, kwa kuwa nchini Tanzania siku hiyo ni ya mapumziko kwa heshima yake, na utaje kwamba alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kisha uende mwaka 1964, ambapo ilitangazwa kwamba Martin Luther King, akiwa na miaka 35, ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani, na huko Moscow Nikita Khrushchev akaondolewa katika uongozi wa Muungano wa Kisovieti. Hao wawili walishiriki siku yenyewe, mbali na tarehe, na unaweza kuwasimulia pamoja bila kumdanganya mtu. Mobutu umweke mwisho, pamoja na lile swali la kuondoka madarakani, ukiliacha wazi.

Taja mwaka kabla ya jina kila mara, maana anayesikiliza akiwa njiani hana karatasi ya kurudia. Niandikie ukishajua umepewa dakika ngapi. Zikiwa mbili tu, Hastings uiache.

Ni mimi mama yako