Mpira mmoja, wanafunzi hamsini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama kipindi cha michezo shuleni kinatosha kuwafanya vijana wetu wawe fiti. Jibu langu ni hapana, na siwatupii lawama walimu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na walau siku 3 kwa wiki afanye mazoezi ya kuhema hasa. Sasa njooni Tanga mtazame kipindi cha dakika 40. Watoke darasani, wapange mistari, atafutwe mwalimu mwenye ufunguo wa stoo. Robo saa imekwenda. Mpira mmoja, wanafunzi hamsini. Wavulana wachache wanaojua chenga wanautawala, wengine wanaukimbilia kidogo kisha wanasimama. Wasichana wamekaa chini ya mwarobaini: sketi inabana, nguo za michezo hawana, na hata wangekuwa nazo, pa kubadilishia hapapo. Na joto la Tanga saa saba mchana mnalijua. Jasho linalowatoka wengi pale ni la jua.

Mwili haujengeki kwa mara moja kwa wiki. Moyo na mapafu huimarika vikizoeshwa kazi mara kwa mara, na ukikaa wiki chache bila mazoezi pumzi inapungua tena. Kilichotupa pumzi sisi tuliosoma zamani ni mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kengele, shule nzima ilikuwa barabarani, kiranja mbele anaanzisha wimbo, nasi tunaitikia huku miguu ikifuata mdundo. Ukikosa pumzi sauti inakatika, na jirani yako anasikia. Hakuna aliyeachwa kwa kuwa hajui mpira: mnene, mwembamba, mwenye haya, wote walikimbia. Baada ya masomo tulirudi nyumbani kwa miguu au kwa baiskeli, Makorora, Chumbageni, wengine hadi Pongwe. Leo bodaboda inamshusha mtoto getini na bajaji inamrudisha. Wazazi siwalaumu, barabara zetu sasa zinatisha.

Mtaniambia kuna UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na ya sekondari. Nayapenda mashindano hayo, yanaibua vipaji. Ila timu ikishachaguliwa, uwanja wa jioni unakuwa wa timu, na mamia waliobaki ni washangiliaji.

Wanaoumia zaidi ni wasichana. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa 2019 zilionyesha kuwa duniani, kati ya vijana wa miaka 11 hadi 17, wasichana 85 katika kila 100 hawafikii kiwango hicho cha dakika 60 kwa siku. Wavulana ni 78. Ukiwaona wale wa chini ya mwarobaini hushangai.

Mimi ningerudisha mchakamchaka wa dakika 20 kila siku ya shule, mapema, jua likiwa bado pole. Kipindi kibaki cha kufundisha: rede, netiboli, kuruka kamba. Mkonge ni wa kwetu, kamba haziwezi kutushinda, na kamba ishirini zinachangamsha darasa zima kwa wakati mmoja. Na kamati ya shule, kabla haijanunua jezi za timu, itenge chumba chenye mlango na komeo ili wasichana wapate pa kubadilishia nguo.