Maswali ya Wasomaji: Mzigo Ulioachiliwa kwa Masharti

Swali: Kontena langu la dengu lilizuiliwa bandarini baada ya wakaguzi kukuta wadudu. Sasa nimepewa barua ya kuachiliwa kwa masharti, na wakala amenishauri nilipeleke kwenye ghala lililoidhinishwa. Wateja wanasubiri. Naweza kuanza kuuza kidogo kidogo?

Jibu: Usiuze hata gunia moja. Mzigo huo bado uko chini ya forodha, ila umeruhusiwa kulala ghalani badala ya bandarini. Ndiyo maana ukatakiwa kuweka dhamana: ukikiuka sharti, dhamana inachukuliwa, na mzigo unaweza kutaifishwa.

Soma barua mstari kwa mstari. Imetaja ghala gani, njia ipi, nambari ya lakiri (muhuri unaofunga mlango wa kontena), aina ya matibabu, siku ulizopewa, na nani mwenye haki ya kuvunja lakiri. Hapo kwenye lakiri ndipo wengi huharibu. Mwenye mali anafungua kontena “kuangalia tu” kabla mkaguzi hajafika, na hapo amekwisha kukiuka sharti ingawa hakuna gunia lililotoka. Kosa la pili ni kupanga magunia hayo kando ya shehena ya zamani: wadudu wakihama, ghala zima huwekwa karantini.

Uliza pia ni mdudu gani aliyekutwa, kwa sababu matibabu yanategemea hilo. Anayeogopwa kuliko wote katika nafaka na kunde zilizohifadhiwa ni mdudu wa khapra, mbawakawa mdogo. Viluwiluwi vyake hujificha kwenye nyufa na huweza kukaa miaka bila chakula. Mulika tochi kwenye mishono ya magunia na kwenye maungio ya sakafu ya kontena: magamba ya kahawia yenye vinyweleo ni ngozi walizojivua. Ukiyaona, usifagie, mwite mkaguzi. Baadhi ya makundi ya mdudu huyu yamejenga usugu dhidi ya fosfini, gesi ya kawaida ya kufukizia nafaka, kwa hiyo huenda ukaagizwa kutumia gesi nyingine, methili bromaidi. Mkataba wa Montreal, wa kulinda tabaka la ozoni, umeibana gesi hiyo, lakini matumizi ya karantini yameachwa nje ya katazo.

Mfukizaji awe aliyeidhinishwa, apime kiwango cha gesi mwanzoni na mwishoni, na aandike joto la mzigo wenyewe, si la hewa ya nje. Fosfini huchukua siku kadhaa, na baridi huzidi kuichelewesha. Turubai linalofunika mzigo likivuja, kazi inarudiwa kwa gharama yako. Baada ya hapo chekecha na uondoe wadudu waliokufa, vinginevyo ukaguzi unaofuata hauwezi kujua kama hao ni wa zamani au ni wapya. Uza utakapopata barua ya kuachiliwa kabisa.

Swali: Miche niliyoagiza imekamatwa kwa kukosa cheti cha afya ya mimea. Je, muuzaji anaweza kunitumia sasa?

Jibu: Kwa kawaida haiwezekani. Cheti hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi inayosafirisha, baada ya ukaguzi na kabla mzigo haujaondoka. Kutoa baadaye ni nadra, tena nchi inayopokea iwe imekubali.

Jambo la kwanza kujua ni kama miche yako imepigwa marufuku au imewekewa masharti tu. Iliyopigwa marufuku haiokolewi na dawa wala dhamana: itarudishwa au kuteketezwa. Udongo kwenye mizizi nao umekatazwa katika nchi nyingi, hata mche ukiwa mzima. Omba kurudisha mapema na kwa maandishi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, unaotumika tangu 2017, unampa mwagizaji nafasi hiyo pale bidhaa inapokataliwa kwa sababu za afya ya mimea. Ukikaa kimya muda ukapita, mamlaka itaamua yenyewe.

Swali: Mashine zangu ni safi, lakini zimezuiliwa kwa sababu ya chaga za mbao.

Jibu: Chaga hizo zinahitaji alama ya ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao: nembo ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, nambari ya mtengenezaji na aina ya matibabu. HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. MB ni methili bromaidi. Maganda ya mti yakibaki, kila kipande kiwe chini ya sentimita 3 kwa upana, au kikizidi hapo, eneo lake lisifike sentimita 50 za mraba. Omba mashine zihamishiwe kwenye chaga zenye alama, na zile mbovu zitibiwe au ziteketezwe mbele ya mkaguzi. Usizitoe nje kama kuni.

Swali: Naamini maabara imekosea. Nifanyeje?

Jibu: Omba kipimo cha pili mara moja, mkataba uleule wa Shirika la Biashara Duniani unaruhusu hilo pale matokeo ya kwanza yanapokuwa mabaya. Uliza sampuli ilichukuliwa kutoka magunia mangapi, na iwapo sehemu yake imehifadhiwa kwa lakiri. Kama haikuhifadhiwa, omba nyingine ichukuliwe wakala wako akiwepo. Mzigo ukiwa wa kuoza, andika hivyo kwenye ombi na utaje siku za uhai wake, maana bidhaa za aina hiyo hupewa kipaumbele.